Magurudumu ya Mama Jirani

Fundi aliniambia mara tatu, sitaki mtu afikiri hakuniambia. Alifungua mlango wa dereva, akapangusa vumbi kwenye kile kikaratasi kilichobandikwa pale tangu gari ilipotoka kiwandani, akaweka kidole juu ya namba.

"Papa, soma weye mwenyewe. Kumi na tatu. Hii njo jante, chuma ya gurudumu, ilizaliwa nayo. Ukitaka kumi na ine, ku contrôle batakubali, mais mupira ukuwe mufupi mu ubavu, ili duara yote ibakie sawa na ya zamani. Sasa hii kumi na tano unapenda, na mipira yake minene? Hapana. Itatoka inje kama masikio. Na sindano ya vitesse, ile ya mwendo, itakuwa inakudanganya."

"Na matope je?" nilimwuliza.

"Matope haiko mu carte rose," akajibu, yaani haimo katika hati ya gari, na wote pale garage wakacheka.

Nilichagua kumi na tano. Gari yangu ni ya zamani, tumbo lake liko chini, na mimi nafuata maharagwe na viazi upande wa Lubero. Mvua ikinyesha, tumbo linakwaruza. Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka gari ionekane kubwa. Nimejaribu kupima ipi ilikuwa na uzito zaidi. Kila nikipima jibu linabadilika, basi naziandika zote mbili.

Magurudumu yangu ya zamani nilimwachia muuzaji wa mipira, nikaongeza kidogo, nikapewa yale makubwa. Mtaani hapa Butembo watu wa pikipiki walinipokea kwa kelele: "Tazameni mbuzi mu mabotte ya mvua!" Kila mtu aliona. Mtu mmoja tu hakuona, ni mama jirani yetu, mjane wa mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa yanaingia ukungu kutoka pembeni. Kila Jumapili nilikuwa nampeleka misa. Jumapili ile alishika mlango, mguu wake ukapapasa hewani ukitafuta pa kukanyaga.

"Eh, mwanangu, gari yako imerefuka?"

"Hapana, mama. Ni barabara njo imechimbika hapa."

Nilisema nikicheka. Yeye pia akacheka, akainua mguu juu kama mtu anayeruka mfereji.

Kisha siku ya contrôle, ukaguzi wa gari, ikakaribia. Kwetu si ajabu mtu kuazima kitu kwa ajili ya contrôle. Huyu anaazima triangle, yule anaazima kizima-moto, na mchana kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Lakini sijapata kusikia mtu aliyeazima magurudumu manne. Gari ya marehemu mwalimu ilikuwa aina moja na yangu, na ilikaa uani bila kazi mpaka mukwe wa mama, mume wa binti yake, aje kutoka Lubero kuiendesha. Nilienda kwa mama nikamwambia mipira yangu imetoboka yote.

"Yote mine?" akashangaa. "Pole. Bebe tu. Mais ukumbuke kesho mukwe anakuja, tunaenda Beni ku hospitali, kwa munganga wa macho. Munganga anatoka mbali, na kesho njo siku yake ya mwisho pale. Saa ine ikuwe imerudi."

"Saa ine, mama. Hata mbele ya saa ine."

Nikaiacha gari ya marehemu juu ya matofali.

Kesho yake asubuhi mkaguzi alilinganisha namba, akapima, akatia sahihi. Sina neno juu yake. Alifanya kazi yake vizuri, ila mimi nilimwonyesha miguu ya gari ya mtu mwingine. Saa tatu kamili nilikuwa nimemaliza. Pale kwenye lango la contrôle alisimama mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani, akaniomba nimfikishe Beni kwenye mazishi ya ndugu yake, taxi zote zilikuwa zimejaa. Kwanza niliandika katika daftari hili kwamba nilisahau ahadi. Nimefuta. Sikusahau. Nilijiambia nitakimbia, na kwamba mama jirani anaweza kuondoka hata saa sita. Nilijiambia pia ni huruma, na ni kweli nilimhurumia yule mama. Lakini alinilipa, nami nikapokea.

Beni, njia ya kwenda msibani ilipita mbele ya hospitali. Watu walikaa kwenye ukuta, jicho moja limefunikwa kwa bandeji nyeupe, wanakula ndizi. Nikawapita, na magurudumu ya mama jirani yakizunguka chini yangu. Simu yangu ilikuwa na moto wa betri na réseau ya kupigia. Sikumpigia, kwa sababu ningesema niko wapi?

Wakati wa kurudi mvua ilianguka, na camion moja ya mizigo ikalala kiubavu katikati ya barabara. Watu walisukuma, wakagombana, wakasukuma tena. Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya yale matofali, amevaa kitenge cha misa, sakoshi ya mkononi juu ya magoti. Mukwe wake akaja kunikabili.

"Papa, ungetupigia simu tu, tungepanda taxi! Nilimwambia mama tupande. Anakatala. 'Alisema saa ine, atakuja.' Saa ine! Saa tano! Saa sita! Kila gari inapita, anasema 'njo yeye ule.'"

"Wacha, mukwe," mama akasema. "Barabara iko mubaya. Hapana kosa yake."

Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli pale pale. Nilipiga magoti kufunga boloni za magurudumu yake, na kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti sikulazimika kumtazama.

Wiki ile nilirudi kwa fundi. Hakunicheka. Alitafuta mpira wa namba ile ile ya kikaratasi, akauzungushia kamba, akafunga fundo pale kamba ilipokutana. Kisha akaizungusha kamba hiyo hiyo kwenye kumi na nne yenye ubavu mfupi. Fundo likaanguka karibu pale pale.

"Unaona? Gari haitajua kama imebadilishwa," akasema, akanifungia hizo za kumi na nne.

Jumapili zilizofuata nilisingizia safari za Lubero, mama akaenda misa na wengine, na baada ya miezi miwili yule munganga alirudi Beni. Mukwe hakupata nafasi, nikajitolea. Asubuhi mama akashika mlango kama kawaida, akainua mguu juu sana, kama nilivyomfundisha. Mguu ukashuka bila kukuta kitu. Nusura aanguke, alining'inia kwenye mlango mpaka nikamshika.

Akajiweka sawa. Kisha akainama, akapapasa gurudumu toka juu mpaka chini.

"Ilishuka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Donc barabara haikuchimbika."

"Hapana, mama."

"Na mipira yako haikutoboka."

"Haikutoboka."

Alifikiri kidogo, mkono ukiwa bado kwenye mpira. "Ule siku, miguu ya gari yangu ilikuwa wapi?"

"Beni."

"Beni kabisa?"

"Mbele ya hospitali, mama."

Alipanda, akafunga mlango mwenyewe. Njia nzima sikuthubutu kuomba msamaha, maana ingekuwa ni kumwomba yeye anitulize tena. Tulipofika nilimnyooshea mkono. Akauliza kwa sauti kama kuna mlinzi karibu, akaomba mlinzi ndiye amshike.

Lakini ndani walihitaji mtu wa kusikiliza pamoja naye, nami ndiye niliyekuwepo. Munganga alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia watalilinda kwa dawa. La kushoto, akasema, lingefaa kuonwa mapema zaidi.

Mama aligeuza uso upande niliposimama, akangoja. Ilikuwa zamu yangu kuuliza mapema kiasi gani. Sikuuliza.