Kisumu miaka ya tisini: seva ya kupima mtandao ambayo hakuna ofisi iliyoweza kuifikia

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani, wa bara na sisi wa ziwani.

Juzi humu jukwaani kuna mwenzetu amelalamika kwamba intaneti yake inasuasua, na kampuni inamwambia "shida iko upande wako." Nimesoma hiyo sentensi nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji. Miaka imepita lakini hayo maneno bado yananipandisha presha.

Basi wacha niwape kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mambo yenyewe sijaongeza chumvi. Wahusika wengine wako hai na mmoja wao huwa anapita humu, kwa hiyo nikidanganya nitaumbuliwa mchana kweupe.

Ilikuwa Kisumu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Ni wakati ule gugu maji lilikuwa limefunika ghuba mpaka ukitazama ziwa unaona kama shamba. Email ilikuwa kitu cha wachache. Shule, misheni na kampuni zilikuwa na modem zao, wengine mlienda ofisi ya mjini, mnampa dada wa pale karatasi, anawachapia na kuwatumia.

Watoa huduma walikuwa watatu, wote wadogo.

Wa kwanza ni Mzee Okelo. Huyu ndiye aliyetangulia kuleta huduma hiyo mtaani kwetu, na hakuruhusu mtu asahau. Wa pili ni Mama Akoth, mjane wa Usenge aliyeanza na duka la kupiga chapa na fax. Wa tatu ni Mwangi, muuza kompyuta na vipuri, aliyehamia Kisumu kutoka upande wa Mlima Kenya.

Sasa sikilizeni ujinga uliokuwepo. Mteja wa Mama Akoth akimwandikia mteja wa Mzee Okelo, jengo la ng'ambo ya barabara, ile barua ilikwenda Nairobi, ikavuka bahari hadi ughaibuni, halafu ikarudi Kisumu. Ungeweza kuipeleka kwa miguu ukarudi na bado ukaisubiri.

Wakakaa chini wakakubaliana jambo la maana sana. Wakodi chumba kimoja, kila mmoja avute waya wake hadi pale, barua za Kisumu zibadilishwe Kisumu. Mimi nikaajiriwa na wote watatu kuwa fundi wa chumba hicho; router za ofisini zilibaki mikononi mwa wenyewe. Wakuu, kazi ya mabosi watatu msiiombe.

Mle chumbani tukafunga pia seva moja ya kupima. Kazi yake ilikuwa rahisi. Ukiwa ofisini kwako unaifikia kwa mtandao, unaiuliza njia ya kwenda kwa fulani ikoje, nayo inarusha vipande vya data na kukuonyesha vingapi vimefika na vingapi vimepotelea wapi. Nia ilikuwa kuondoa ugomvi. Kila mtu ajionee, asitegemee maneno ya mwenzake.

Ugomvi ulipokuja, hiyo seva hakuna aliyeweza kuifikia.

Ilikuwa hivi. Mteja mkubwa wa Mama Akoth alikuwa kiwanda kimoja cha samaki, kilichonunua mbuta kutoka Usenge, Port Victoria na huko kote. Wakala wake wa kusafirisha alikuwa mteja wa Mzee Okelo. Barua fupi kati yao zilifika. Zile ndefu, zenye hati za mzigo, zilikuwa zinakatika njiani. Samaki wako kwenye barafu, hati haijafika, na simu inalia.

Meneja wa kiwanda akamwambia Mama Akoth kwa upole kabisa kwamba akishindwa kumwonyesha shida iko wapi, anahama. Kiwanda kikiondoka, ofisi ya Mama ingebaki jina tu. Hilo tulilijua wote.

Nikabeba kebo yangu, nikaenda kukaa mle chumbani, nikapima. Haikuhitaji akili nyingi. Upande wa Mama Akoth ulikuwa safi. Vipande vikubwa vilikuwa vinakufa vikigusa router ya Mzee Okelo.

Nikapeleka ripoti. Mzee akaniangalia akasema, "Lakini wewe kwenu si Bondo? Na huyu mama ni wa Usenge. Nyinyi si watu wa upande moja?"

Ripoti ikafia hapo.

Nilikasirika, sitaficha. Ila nilijua ndiyo sababu tulifunga ile seva. Kama mimi siaminiki, basi kila mtu apime akiwa kwenye kiti chake.

Hapa niwaeleze kidogo wasio wa fani. Anwani ya ile seva tuliifanya isiwe ya ofisi yoyote, ili mtu asije akasema imependelea. Wazo zuri. Lakini anwani isiyo ya mtu haijulikani na mtu, mpaka kila ofisi iiambie router yake kwamba seva iko kwenye chumba kile, pitia waya huu. Bila hayo, ukiitafuta unaambiwa haipo. Seva ilikuwa inawaka taa zake vizuri na haina mgeni. Daktari yuko ndani, mlango umefungwa, wagonjwa wako nje wanagombana nani kamwambukiza nani.

Kuiambia router maneno hayo ni mstari mmoja. Mmoja tu, wakuu.

Nikaitisha mkutano. Nikaeleza. Wote wakatikisa vichwa. Halafu Mzee Okelo akakohoa.

"Hii kitu iko na utaratibu," akasema. "Mimi ndio nilikuja hapa kwanza. Nikifungua mimi, nyinyi mnafuata."

Wasio Wajaluo, sijui niwaelezeje hili bila kutukana mila zetu. Kwenye boma letu, msimu wa kupanda ukifika, mkubwa ndiye anayetangulia kutia mbegu. Mzee mwenye boma, au mke mkubwa. Wadogo wanangoja hata kama mvua inamwagika, na anayemruka mkubwa anaambiwa amejitafutia balaa. Mimi mila hiyo naiheshimu, nimelelewa nayo.

Lakini router na mahindi, wapi na wapi?

Hakuna aliyecheka mle ndani. Mama Akoth aliinamisha kichwa. Nami, na diploma yangu, nikaandika "tumekubaliana" kama mjinga.

Tukaanza kungoja.

Nikienda kwa Mzee naambiwa kesho. Kesho naambiwa umeme unasumbua. Siku nyingine yuko matanga Siaya. Akiwepo ananiagizia chai, ananiuliza habari za baba yangu na ng'ombe wa nyumbani, na nikitaja seva anakumbuka ana mgeni. Siku moja nikamwambia, "Mzee, niruhusu niketi hapo kwenye router, nitaimaliza kabla chai haijapoa."

Uso ukabadilika. "Kwa nyumba yangu, mtu wa nje hashiki jiko."

Nikaenda kwa Mwangi. Nikafikiri huyu hafungwi na mila yetu, atafungua. Akavuta kiti, akaongea polepole.

"Ndugu yangu, kwetu hiyo maneno haiko. Lakini hapa mimi ni mgeni. Nikitangulia mimi watasema huyu ametoka mlimani kuja kuharibu boma ya watu. Na ni hao nauzia kompyuta. Wacha Mzee aanze."

Mnaona sasa? Aliyefungwa na mila hafungui, na asiyefungwa nayo naye hafungui. Nilitoka pale nikitamani kuchukua kazi ya kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, angalau omena ukiianika inakauka.

Mama Akoth naye nilikuwa nimemsihi tangu mwanzo. Jibu lake lilikuwa, "Nyathina, mzee ni mzee." Ananiita mwanangu, na mimi nashindwa kubishana na mtu anayeniita mwanangu.

Kisha yule meneja akaja mwenyewe ofisini kwa Mama. Nilikuwepo, nilikuwa natengeneza printa. Hakupiga kelele. Alisema amengoja, hajaonyeshwa kitu, na mzigo mwingine umechelewa. Alimshukuru kwa muda wote waliofanya kazi pamoja, akaaga, akaondoka.

Mama Akoth alifunga mlango nyuma yake. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mume wangu alipokufa, walinikataza kupanda mpaka mke mkubwa apande. Huyo mke mkubwa alikuwa Nairobi, hakuja. Mvua ilikuwa inapita. Nikapanda. Mahindi ilimea na watoto yangu walikula. Fungua hiyo kitu."

Nikafungua. Nikaandika ule mstari mmoja, nikaiita seva, ikajibu hapo hapo.

Mngetarajia nifurahi. Sikufurahi. Nilitaka kuvunja kiti. Kungoja kote kule, chai zote zile, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika mstari mmoja.

Mama akavuta kiti karibu na skrini. Tukaiambia seva ipime upande wetu. Vidogo vikarudi, vikubwa vikarudi vyote. Tukaiambia ipime upande wa Mzee Okelo, kupitia waya wake unaofika mle chumbani, ambao router yake ingeujibu hata bila ule mstari. Vidogo vikarudi. Vikubwa vikaenda, vikanyamaza.

Tukampigia Mwangi simu. Alipojua Mama ameshatangulia, akafungua na yeye upesi, akapima akiwa dukani kwake, mbali na mimi na mbali na Usenge. Akaona kile kile tulichoona. Akafunga duka akaja.

Tukaenda kwa Mzee watu watatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mwangi akamweleza alichokiona. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akamtuma karani wake nje akalete soda, na mlango ukafungwa.

"Fundi yangu aliniacha tangu mvua ya masika," akasema. "Alienda na password. Hapa hakuna mtu anaweza kuingia hiyo router."



Kumbe wakuu, tulikuwa tunamngoja mkubwa apande, na mkubwa hana jembe. Alikuwa anaona aibu. Aliyeleta mtandao mjini, awaambie watoto hawa kwamba kifaa chake kinamshinda? Akaona afadhali atuzungushe. Nilimhurumia, na wakati huo huo nilitaka kupindua meza yake, pamoja na soda zikifika.

Kuingia kwenye router usiyo na password yake kunawezekana ukiwa mbele yake na kebo yake. Aliniruhusu. Nikakuta ule mlango wa kuelekea chumbani kwetu umewekwa vibaya. Kifaa kimoja kilikuwa kinangoja zamu ndipo kiseme, cha pili kinasema bila kungoja. Neno fupi linapenya. Hotuba ndefu zinagongana. Nikarekebisha, vikubwa vikaanza kupita.

Hapo ndipo ningependa kuwaambia mambo yakaisha vizuri.

Asubuhi Mama Akoth akaenda kiwandani na habari njema. Akakuta meneja alikuwa ameshahama siku kadhaa kabla ya kuja kuaga, na amehamia kwa nani? Kwa Mzee Okelo. Alichagua kampuni ya kwanza na yenye jina, kama mtu yeyote angefanya.

Na barua zake sasa zilikuwa zinafika. Fikirieni kidogo kwa nini. Yeye na wakala wake wote walikuwa ndani ya nyumba moja ya Mzee Okelo, barua zao hazikuhitaji tena kupita ule mlango mbovu. Zilianza kufika tangu siku aliyohama, kabla mimi sijagusa router. Kwa macho yake, aliondoka kwa Mama Akoth na ugonjwa ukapona.

Mzee nimpe haki yake. Karani wake ndiye aliyempokea mteja huyo, na Mzee aliposikia, alivaa koti akaenda kiwandani pamoja na sisi. Akasema mbele ya meneja, "Makosa ilikuwa kwangu. Si kwa huyu mama. Mrudie."

Meneja alimsikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Mzee, nakusikia. Lakini tangu nije kwako hakuna barua imepotea."

Nikaanza kumweleza habari za njia na vipande vikubwa na vidogo. Akatazama saa yake. Mama Akoth akanigusa mkono akasema twende.

Ofisi ya Mama haikufungwa, ila aliwaachisha kazi wasichana wake wa kuchapa, akabaki peke yake na wateja wachache, shule mbili na misheni moja. Mle mjini bado kulikuwa na watu wanaosema kwa Mama Akoth barua hupotea. Niliwajibu wengi, nikachoka.

Funzo nililopata si kubwa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hawakusema tumbo litakaloumia ni la nani. Aliyengojewa hakuumia. Kifaa cha kupima mkikifunga, hakikisheni kila mmoja anakifikia siku ile ile mnayokifunga, wakati bado mnapendana. Mkingoja hadi mtu alaumiwe, mtapata ukweli, na ukweli utamkuta mteja ameshaondoka na anaendelea vizuri tu.

Haya, uwanja ni wenu. Mliofanya kazi za mitandao enzi zile, semeni yaliyowakuta. Na kama kuna anayeona yule meneja alikuwa na haki kutorudi, aje aniambie angefanyaje. Nimejaribu kumlaumu miaka yote hii na bado nashindwa.