Nyumbu, Tuzo na Magoti ya Loretta

Loretta Scarpati alikuwa na maadui wawili duniani: ngazi, na mtu anayefungua peremende wakati wimbo wa taratibu unaimbwa. Ngazi hakuwa na la kuzifanya. Wa peremende aliwaweza.

Alikuwa mwelekezaji, wa kuwaonyesha watazamaji viti vyao, katika ukumbi mmoja wa maigizo wa Mtaa wa 45, pale Broadway, kazi aliyoianza akiwa msichana mwembamba wa kupanda roshani ya juu na kushuka usiku kucha bila kuhema. Huko juu ndiko wanakoanzia wageni wa kazi. Kadiri unavyokuwa mkongwe ndivyo unavyoteremshwa, mpaka siku moja unafika sakafu ya chini, kwenye zulia, ambako hakuna cha kupanda. Loretta alilifikia zulia hilo magoti yakiwa yameshakata tamaa, na kwa sasa yalikuwa yakitabiri mvua vizuri kuliko redio.

Lakini ukongwe huo ni wa ukumbi mmoja tu, hauhami na mtu. Mchezo ukifungwa, ukumbi unazimwa taa, waelekezaji wanatawanywa kwenye kumbi za wenzao, na huko, hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi, wewe ni mgeni. Mgeni anapanda juu. Kwa hiyo mwaka ule Loretta alikuwa na dua moja tu, asubuhi na jioni: mchezo wao usifungwe.

Na mchezo wenyewe sasa! Mungu awasamehe walioubuni. Ulihusu kuchimba mfereji. Watu wazima walichimba mfereji huku wakiimba, ndani ya matope ya kweli, tangu pazia kufunguliwa hadi kufungwa. Palikuwa na nyumbu wa kweli pia, namaanisha mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti, jina lake Gavana. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mchimbaji mkuu wakati anaimba wimbo wa kumkumbuka marehemu mkewe, wimbo laini ambao ukiimbwa ungeweza kusikia hata sindano ikianguka. Wakosoaji waliusifu mchezo huo wakamaliza maneno. Watu hawakuja. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu kiasi kwamba Loretta aliwahi kumkuta bwana mmoja amevua viatu na kujinyoosha.

Mwezi wa Mei mchezo uliteuliwa kuwania Tony, tuzo ya mchezo bora wa nyimbo. Bi Hochstadt, mwenye mchezo, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa na sauti kubwa zaidi ya miwani, aliwakusanya wote nyuma ya jukwaa.

"Jamani, sitawaficha," alisema. "Tukiipata, tutafika Krismasi na kuipita. Tukiikosa, tangazo la kufunga nalibandika pale Jumatatu asubuhi."

Wote waliugeukia ubao wa matangazo ulio kando ya mlango wa nyuma. Loretta aliyashika magoti yake kama mtu anayeshika watoto barabarani.

Mlango huo wa nyuma ulikuwa wa Burl Odom. Alikuwa ameukalia miaka mingi, na kiti chake, kikombe chake na maoni yake kuhusu kila kitu. Loretta alikuwa akipita hapo kila jioni ili wabishane, maana urafiki wao haukujua chakula kingine.

"Tuzo haiuzi tiketi, bibie," alisema Burl. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi sisi mbona hatujiuzi? Au sisi ni wabaya?"

"Sijasema nyinyi ni wabaya. Nimesema mna matope."

"Watu wanataka kuambiwa, Burl. Mtu katoka Ohio na mkewe na mama mkwe, ana jioni moja tu mjini. Atajuaje aingie wapi? Anaangalia mlango ulioandikwa Mshindi, anaingia. Kwisha."

"Huyo wa Ohio hajui hata tuzo yenyewe inafananaje. Anauliza shangazi yake, 'Ulicheka? Ulilia?' Tuzo inamfikisha mtu mlangoni. Kumwingiza ndani, hapana."

"Wewe ndio umelinda mlango mpaka umeanza kufikiri kama mlango."

Burl alicheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini hakubadilisha neno.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mpinzani wao mkuu, mchezo wa huzuni kuhusu fundi saa wa Vienna. Mkuu wa waelekezaji wa kule alikuwa Philomena Garrity, mwanamke mrefu, mkongwe kumpita Loretta, mwenye ulimi wa pilipili. Kila walipokutana wakinunua bageli, ule mkate wa duara wenye tundu, kwenye kigari cha kona, alimwamkia hivi: "Loretta mpenzi, umeshanunua viatu vya kupandia ngazi?" Loretta alimjibu kwa tabasamu, na moyoni alimjibu kwa mengine nisiyoweza kuyaandika hapa.

Sasa turudi kwenye peremende, maana ndizo zilizoleta balaa. Loretta alikuwa na masikio ya ajabu. Mtu akianza kuchakacha karatasi safu ya kumi, yeye yuko safu ya kwanza keshageuka. Anamwendea na tochi yake, anasimama kimya, anafungua kiganja na kusema neno moja tu: "Leta." Mawakili wameleta. Majaji wameleta. Askofu mmoja alileta na kuomba radhi. Mwisho wa onyesho mfuko wa sweta yake ulikuwa umevimba, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa na sukari, alipitia kwenye banda la Gavana uchochoroni, akazifungua moja moja karibu na masikio yale marefu, na kumlisha. Ilikuwa hivyo tangu majira ya baridi. Hakumwambia mtu. Ilikuwa faraja yake, kiumbe mmoja katika Broadway nzima anayesimama siku nzima bila kulalamikia miguu.

Jumapili ya tuzo ikafika. Michezo iliyoteuliwa hualikwa kuimba wimbo mmoja mbele ya kamera, na Bi Hochstadt alichagua wimbo wa marehemu mke. Gavana alipakiwa kwenye lori, na watu walijipanga uchochoroni kumuaga. Huku hatutakiani heri, ni mkosi, tunaambiana, "Vunja mguu." Waimbaji wakamwambia Gavana avunje mguu, mafundi wa taa wakamwambia, Burl akamwambia. Loretta aliona kumwambia hivyo mnyama wa miguu minne ni kujitakia makubwa. Yeye alimfungulia peremende mbili, akambusu kwenye paji la uso, akaenda baa ya Barabara ya Tisa kuangalia kwenye televisheni na wenzake.

Baa ilijaa watu wa kumbi. Philomena naye alikuwepo, na kundi lake, wamevaa kama wanaoenda harusini. Wimbo ulipoanza, hata yeye aliweka glasi yake chini. Mchimbaji mkuu alishika kamba ya Gavana, akainua uso, akaimba. Ukumbi mkubwa ule ulitulia kabisa. Loretta alisahau magoti. Aliwaza, tutaipata, Mungu wangu, tutaipata.

Ndipo alipoona masikio ya Gavana yakisimama.

Safu ya mbele alikuwa amekaa mwenye ule mchezo wa fundi saa, bwana mwenye koti la mahameli. Zamu yake ilikuwa inakaribia, koo limemkauka, naye alikuwa ametoa peremende mfukoni mwake. Televisheni haikuwasikilizisha watu wa baa mchakacho ule, lakini Loretta hakuhitaji kusikilizishwa.

"Ee Mama Maria," alisema, "asifungue."

Alifungua. Gavana aliteremka kutoka jukwaani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mchimbaji mkuu, msanii kweli yule, hakuiachia kamba wala wimbo. Aliburutwa mpaka chini akiendelea kumlilia mkewe. Gavana alikula peremende. Kisha akaingiza mdomo ndani ya koti la mahameli kutafuta nyingine, akatoka na karatasi ya hotuba, akaila pia, taratibu, akiitazama kamera.

Baa ililipuka kwa vicheko. Watu waligaragara. Philomena alilia machozi akimpigapiga Loretta mgongoni. Ni Loretta peke yake aliyekaa kama aliyemwagiwa maji, kwa sababu alijua ni mkono wa nani uliomfundisha mnyama yule.

Fundi saa aliibeba tuzo. Bwana wa mahameli alipanda bila hotuba, akababaika, akamshukuru nyumbu na kumsahau mkewe. Mchezo wa mfereji haukupata kitu, hata tuzo ya taa.

"Viatu vya ngazi, Loretta," alisema Philomena akiondoka, "chukua vyenye soli laini."

Jumatatu asubuhi Loretta alikwenda ukumbini akiwa na uamuzi. Mficha uchi hazai: angesema yote, kisha aende zake. Bi Hochstadt alikuwa kwenye mlango wa nyuma mbele ya ubao, karatasi mkononi, na Burl kando yake, kwa mara ya kwanza hana maoni.

"Nauliza mara moja tu," alisema Bi Hochstadt. "Nani amemfundisha nyumbu huyu kufuata karatasi za peremende?"

Loretta alisogea mbele. "Ni mimi, bibi. Nawanyang'anya watu, nampa yeye. Kila siku. Nimewaulia mchezo wenu. Nisamehe."

Bi Hochstadt alimtazama kwa ile miwani. "Umepita mbele, au umekuja na uchochoro?"

"Uchochoro."

"Basi nenda kaangalie mbele."

Foleni ilianzia kwenye dirisha la tiketi, ikapinda kona, ikapotelea Barabara ya Nane. Mbele alisimama mzee mwenye kofia ya kuvulia samaki, na mkewe, na bila shaka mama mkwe.

"Samahani mama," alimwuliza Loretta, "hapa ndipo penye nyumbu?"

Aliporudi, karatasi ilikuwa imechanwa vipande. Bi Hochstadt alikuwa na sharti moja tu: Gavana ateremke hivyo hivyo kila onyesho, na mtu wa kuchakacha karatasi awe yule yule aliyemfundisha. Kwa hiyo Loretta Scarpati, adui wa peremende, alipewa kiti cha kudumu safu ya mbele, kando ya njia. Alikaa! Baada ya maisha mazima ya kukalisha watu, alikaa, na magoti yalistarehe mpaka yakaacha kutabiri mvua. Lakini kila ulipofika ule wimbo laini na akalazimika kuchakacha, watu wa jirani walimzomea, "Shh! Bi mkubwa mzima huna adabu?" naye aliona aibu ya kweli kila mara, akainamisha kichwa.

Ng'ambo, mlango ulipambwa taa kubwa: MSHINDI. Majira ya joto watu walijaa. Majani yalipoanza kupukutika, watu nao walipukutika, na mwezi wa Oktoba fundi saa akafunga, taa zile zikateremshwa.

"Unaona?" alisema Burl.

"Sioni kitu," alisema Loretta. "Sisi tungeipata na nyumbu juu yake, tungekwenda miaka kumi."

"Una kichwa kigumu kumshinda Gavana."

Wiki iliyofuata, wimbo laini ukaanza, Loretta akachakacha, na kwa kuwa siku hiyo Gavana alijivuta, akachakacha beti baada ya beti. Gavana alikuwa hajafika kwenye ngazi ya jukwaa wakati mwanga wa tochi ulipommulika Loretta usoni. Kiganja kilifunguka mbele yake.

"Leta," ilisema sauti.

Alikuwa Philomena Garrity, mgeni wa ukumbi, siku yake ya kwanza. Walimpanga roshani ya juu kabisa, hawakumweleza lolote, na kutoka huko mbinguni masikio yake yaliusikia mchakacho. Alikuwa ameteremka ngazi zote hizo kwa hasira. Sasa hasira zilikuwa zimemwishia. Alikuwa akihema, mkono mmoja umeegemea kiti, na goti la kushoto lilikuwa linatetemeka. Alipomtambua Loretta alifungua mdomo ili amtanie, pumzi ikamkatalia.

Loretta alikuwa amengojea siku hii kwa hamu. Alikuwa na maneno yake tayari, ya viatu, ya soli laini, alishayapanga vizuri. Aliliangalia lile goti.

Akainuka, na magoti yake yote mawili yakalia.

"Keti, Philomena."

"Siwezi, niko kazini, nina watu kule—"

"Keti, nakwambia. Mpaka pazia lifungwe nitakuwa juu mimi." Akamwekea peremende kiganjani. "Ifungue polepole. Na usijisumbue kuwaomba radhi hao watakaokuzomea."

Gavana alikuwa ameshateremka, anawatazama wote wawili. Loretta alichukua tochi na kuanza kupanda.