Jembe Lisilorudishwa

Nilipokwenda Izia kumzika mama mdogo, vijana waliotumwa kuchimba kaburi walikuta majembe hayatoshi. Mmoja akaingia ndani, akapapasa juu ya boriti penye masizi ya miaka yote ile, akatoka na jembe lisilo na mpini. Lilikuwa la zamani, lililofuliwa na wahunzi wetu wa Ufipa kabla ya majembe ya dukani kuenea. Akalipangusa kwa mguu wa suruali yake, akaniuliza, "Bibi, hili lilikuwa la nani?"

Nikamwambia akalitafutie mpini kwanza, nitamjibu. Basi wewe kaa hapa karibu, nikusimulie, maana habari ya jembe hili haielezeki kwa neno moja.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake mama yangu, kwenye uwanja huohuo wa Izia, enzi za Mwingereza. Wakati ule Izia ilikuwa mashamba matupu na nyumba za nyasi zilizotawanyika, na Majengo ndiko kulikoitwa mjini, kwa kuwa na maduka. Baridi ya Sumbawanga unaijua, au kama huijui Mungu akuepushie. Mwezi wa sita na wa saba upepo ulishuka kutoka milima ya Mbizi ukaingia mpaka chini ya blanketi. Tulilala karibu na jiko, na asubuhi mama mdogo ndiye aliyeamka wa kwanza kufukua makaa chini ya majivu. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, msichana mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyojua kazi. Nilikuwa naamka kwa sauti ya jiwe lake la kusagia ulezi, na muda si mrefu harufu ya ugali mweusi ilijaa nyumba, nami nikawa siioni baridi tena.

Sauti nyingine ya asubuhi ilikuwa mluzi. Mluzi, na nyuma yake gurudumu la mkokoteni likilia kwa kukosa grisi. Huyo alikuwa topasi.

Vijana wa leo hamumjui topasi. Ndiye aliyepita nyuma ya nyumba za wakubwa wa Boma na nyuma ya maduka ya Majengo, akavuta ndoo za vyooni, akazimwaga kwenye mahandaki nje ya mji, akazirudisha zimeoshwa. Alikuja kutoka Kate akiwa kijana mdogo, akapewa kazi hiyo, akadumu nayo. Wenzake walipita kwenye vibarua vya barabara, wakaacha, wakaingia vingine, wakaacha. Yeye alikuwa palepale mpaka watu wakasahau jina lake. Hata mimi nililisahau, au pengine sikuwahi kulisikia.

Usidhani alikuwa mnyonge. Alikuwa na majivuno, tena sana. Boma ilimpa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, naye alivisugua vifungo hivyo kwa majivu mpaka vikawaka. Akimaliza kazi alishuka mtoni, akaoga kwa sabuni hata kama maji yanakata mifupa, akavaa kanzu safi, kisha akapita Izia akitembea katikati ya njia kama mtu anayekwenda kukusanya kodi. Ukimkatiza akiwa anasimulia, alinuna. Alipenda kusimulia, na alipenda kusalimiwa.

Na hapo kwenye salamu ndipo palipouma. Sisi Wafipa salamu si jambo la kupita nalo mbio. Mtu akikutana na mwenzake njiani anasimama, anachutama kidogo, anapiga makofi taratibu, wanaulizana habari za nyumbani, za shamba, za mvua, mpaka ziishe. Topasi watu walimsalimia huku wanatembea. Makofi hawakumpigia. Kwenye pombe ya ulezi, kata iliyozunguka mdomo kwa mdomo ilipomfikia yeye ilirukwa, akaletewa ya kwake iliyotundikwa ukutani mbali na nyingine. Alikunywa akisema ni heshima, kwamba hata wakubwa wa Boma kila mmoja ana glasi yake. Watu walicheka, na yeye alicheka nao.

Kwa bibi tu ndiko alikokunywa kata ya wote. Bibi yangu alikuwa hivyo. Alikuwa na msemo aliotupigia kila tulipogombania majembe asubuhi ya kwenda kufukia nyasi kwenye matuta: "Mchagua jembe si mkulima." Na kuhusu topasi alisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema, mwacheni mwenzenu." Alimpa kata yetu, akamwita mwanangu, naye akamwita mama. Topasi alikaa kwenye gogo uwanjani, mama mdogo akisaga, mimi nachambua maharage, anatusimulia mambo ya wazungu na mbwa wao tunacheka mpaka machozi. Na mama mdogo, ambaye kicheko chake ilibidi ukiombe, alicheka. Ndiyo maana topasi akathubutu kumposa.

Sasa kwetu posa ilikwenda na jembe. Mshenga analileta, bila mpini, analiweka mlangoni. Wenye nyumba wakikataa, linarudishwa mkononi mwa yuleyule aliyelileta, kabla halijalala ndani. Likilala ndani, binti ameahidiwa. Halafu siku ya kwenda kwa mumewe ndipo linatiwa mpini.

Topasi hakupata mshenga. Alizunguka kote, hata kwa ndugu zake wa Kate, kila mmoja akawa na safari. Hakuna aliyetaka kusimama mlangoni mwa watu akasema nimetumwa na topasi. Basi akalileta mwenyewe, mchana kweupe, amevaa kanzu, jembe la baba yake limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akaliweka kizingitini, akachutama, akapiga makofi. Mama mdogo aliacha kusaga, akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta amesimama gizani ameshika kifua, anatabasamu peke yake.

Bibi alimtuma mtu amwite mjomba. Mjomba, kaka yake mama mdogo, alikuwa karani wa Boma, mtu wa soksi ndefu na kalamu mfukoni. Alifika akihema. Hakumsalimia mgeni. Alimvuta bibi pembeni lakini sauti yake tuliisikia sote.

"Mama, unataka niwe shemeji wa topasi? Nitaingiaje ofisini?"

"Ni mtu mwema," bibi akasema. "Unamjua."

"Namjua. Ndiye anayebeba ndoo yangu. Mpokee, lakini mimi hapa hutaniona tena."

Bibi alisimama katikati ya uwanja. Namwona mpaka leo, kanga imemteleza begani na upepo unapeperusha moshi usoni pake, wala haufukuzi. Alikuwa na kijana mmoja tu wa kiume. Kumkataa topasi hakuweza, kwa sababu alimpenda kweli. Kumkubali hakuweza. Akafanya jambo ambalo hata wazee waliokuja baadaye walilishangaa, wakasema halijawahi kuonekana. Alilichukua jembe akaliingiza ndani, kisha akatoka akamwambia, "Jembe lako nimelipokea, mwanangu. Lakini nenda kwanza ukatafute kazi nyingine. Hata mkonge. Urudi watu wakuite kwa jina jingine, ndipo tutie mpini."

Topasi alimtazama. "Mama, mkonge nao ni kibarua. Tena mtu huchomwa na miiba."

"Lakini ni safari," bibi akasema. "Mtu wa safari anaheshimiwa."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo linalonichoma. Waliokwenda Tanga kukata mkonge, wale manamba, walisafirishwa kwenye malori kama magunia, wakarudi wamekonda, lakini walirudi na sanduku la bati na kofia, wakapigiwa vigelegele. Huyu aliyebaki nyumbani akautunza mji wetu usinuke hakupigiwa hata kofi. Mama mdogo alitoka akasimama mlangoni, jambo ambalo msichana hakulifanya siku ya posa, akamwambia bibi kwa sauti ndogo, "Mama, si wewe unayesema mchagua jembe si mkulima?" Bibi akamwamuru arudi ndani.

Lori lilipokuja kuchukua watu, topasi alipanda. Koti la vifungo vya shaba alilirudisha Boma, na bila koti lile alionekana mwembamba. Alipita kwetu kuaga. Alimwambia mama mdogo mbele yetu wote, "Nikirudi utanisikia kwa mluzi." Mama mdogo akaitikia kwa kichwa.

Mji uliyaona matokeo ya kuondoka kwake. Mwanzoni walileta wafungwa na askari wao, kazi ikafanywa nusunusu, na Majengo watu wakawa wanatembea wameziba pua kwa shuka. Ndipo ukaanza kusikia, ah, yule bwana alikuwa anafaa. Baadaye akapatikana topasi mwingine, wakamnyima makofi vilevile.

Wachumba walikuja, maana mama mdogo alikuwa mwanamke hasa. Lakini kila aliyekuja aliuliza, ndani kuna jembe? Bibi hakuweza kusema uongo. Basi lirudishwe, wakasema. Lirudishwe kwa nani? Mshenga hakuwapo, na mwenyewe aliyelileta yuko Tanga. Kulirudisha kwa ndugu wasiolituma haikuwezekana. Walikunywa maji, wakaaga. Bibi alikuwa amefunga mlango na ufunguo umepanda lori.

Kisha siku moja kijana wa jirani yetu alirudi kutoka mkonge. Sanduku, kofia, viatu vinavyolia. Uwanja ulijaa watu, pombe ikachujwa, naye akasimulia. Bibi akamwuliza habari za topasi. Kijana alianza kucheka kabla ya kujibu.

"Yule yupo, bibi. Tulipofika kambini alipewa kisu kama sisi. Lakini sisi wenyewe tukamwambia mnyapara, mzee, huyu unampoteza bure kwenye mkonge, huyu ni fundi wa ndoo. Akahamishiwa vyooni siku hiyohiyo. Mpaka naondoka yuko hukohuko. Nilimwambia turudi, akasema arudi na jina gani?"

Watu walicheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo baya lenyewe, walicheka kama unavyocheka habari ya kawaida. Mama mdogo alikuwa anasaga. Jiwe lilinyamaza. Bila kugeuka akauliza, "Kwa hiyo ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Haya," akasema, na jiwe likaanza tena.

Hakurudi. Watu wa mkonge waliendelea kwenda na kurudi, habari zake zikapungua, zikakatika. Sijui alikufa lini wala alizikwa na nani. Mama mdogo hakuolewa. Alilima, alisaga, alilea watoto wa wengine nikiwamo mimi, na kila alfajiri alikuwa ameshaamka kabla ya kila mtu, mlango umefunguliwa kidogo kwenye baridi ile. Tukimwuliza, alisema moshi utoke.

Bibi naye alibadilika. Alianza kutoka asubuhi kumngoja topasi mpya njiani, anachutama na magoti yake mabovu, anampigia makofi mpaka salamu ziishe. Yule bwana mwanzoni alidhani anadhihakiwa, akaharakisha mkokoteni. Majirani walisema kikongwe amechanganyikiwa. Mimi nilijua anamsalimia nani. Alipokuwa kitandani kwa ugonjwa uliomchukua, aliniita akaniambia, "Nilipaswa kufanya moja kati ya mawili. Nilirudishe au nilitie mpini. Nilimpa kata, mjukuu wangu, nikadhani kata inatosha." Mama mdogo alikuwa palepale anamlisha uji. Alimpangusa mdomo, akachota kijiko kingine. Sijui kama alimsamehe, na sikuwahi kuwa na moyo wa kumwuliza.

Izia sasa ni mabati na umeme. Jiwe la kusagia limegeuzwa ngazi ya mlangoni. Mkokoteni hakuna tena, kuna gari la majitaka lenye mpira mrefu, na likipita watu wanafunga madirisha huku dereva anaangalia mbele. Wale waliopiga makofi hawapo, na makofi yenyewe wameondoka nayo. Siku hizi hata mimi napungiwa mkono. Naukumbuka ule ugali mweusi, moshi, kicheko cha uwanjani, na ningetoa chochote nirudi hapo asubuhi moja. Lakini siwezi kuukumbuka mluzi ule bila kukumbuka walivyomruka kwenye kata, na utamu wote unaingia uchungu.

Basi yule kijana alimaliza kuchonga mpini, akalitia jembe, akaligonga kwenye jiwe la mlangoni likakaza. Tukaenda pale kaburini. Nikamwambia aanze yeye, kwa jembe hilohilo. Udongo ulikuwa mgumu kwa kiangazi, lakini chuma cha wahunzi wetu kiliingia kama kilikuwa kinangoja. Akachimba kidogo, akajipangusa jasho, akakumbuka.

"Bibi, hukunijibu. Lilikuwa la nani?"

"La mume wake," nikasema.

Hakuna aliyenipinga. Waliokuwa wa kunipinga wote wamelala pale pembeni.