Uso Wangu Siku ya Koito

Dada aliyeuza dawa pale kemisti alikamua krimu kidogo kwenye ncha ya kidole chake, akakiinua hadi mbele ya macho yangu.

"Kama punje moja ya minji," akasema. "Uso yote. Ukiweka mingi utaungua. Na itaharibika kwanza ndio ipone, kwa hivyo usishtuke."

Nilimuuliza itachukua muda gani.

"Miezi tatu hivi. Na uchunge jua."

Nilihesabu wiki pale pale nikiwa nimeegemea kaunta yake. Zilikuwa zimebaki tisa tu. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, watu wa kijana niliyempenda wangekuja kwetu Moiben kufanya koito, ile siku ambapo ukoo wa mvulana unakuja kuomba msichana, wazee wa pande zote mbili wanazungumza, na akikubaliwa anapakwa siagi. Miezi mitatu haiingii ndani ya wiki tisa. Hata wanafunzi wangu wa darasa la pili wangeniambia hivyo. Nilinunua.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikifundisha katika shule moja ya binafsi mjini Eldoret, na nilikuwa nimepanga chumba Munyaka. Chunusi nilianza nazo kidato cha pili. Sizungumzii vile vipele vya ujana ambavyo watu hucheka wakivikumbuka. Zangu zilikuwa zile zinazokaa ndani ya ngozi wiki mbili zikiuma, hata kulala kwa ubavu ni shida, kisha zinaacha doa. Watoto wa miaka saba hawana adabu ya kufumbia jambo kama hilo macho. Mmoja aliwahi kusimamisha somo la hesabu aniulize, "Madam, kwenu hakuna neti ya mbu?"

Kijana mwenyewe alikuwa karani katika ghala la mahindi Moi's Bridge. Kwa miaka miwili hakuwahi kusema neno moja kuhusu uso wangu. Mtu mwenye akili zake angeshukuru. Mimi nilichukulia ule ukimya kuwa ni adabu, na adabu nikaichukulia kuwa ni huruma, na nikaamini siku atakaponiona mchana kweupe katikati ya mama zake na shangazi zake, ataaibika. Hilo ndilo nililoliogopa, wala sitafuti namna nzuri zaidi ya kulisema. Niliogopa ataaibika na mimi, abadilishe nia.

Kwenye simu nilipata ukurasa ambapo watu waliotumia dawa hiyo walisimulia yaliyowakuta. Walihesabu kwa wiki, kama wajawazito. Mmoja aliandika kwamba wiki ya tatu hatoki nyumbani. Mwingine, wiki ya sita, alisema anajuta na hajui nani alimtuma. Halafu kulikuwa na wale wa wiki ya kumi na nne na kuendelea, waliosema wanashinda wakijigusa mashavu kwa sababu hawaamini. Hao ndio niliowasoma hadi nikawajua kwa moyo. Mama mmoja alikuwa ameonya kwamba kama una sherehe ndani ya miezi mitatu, usianze kabisa, ngoja ipite. Nilimsoma mara mbili, nikampita.

Wiki mbili za kwanza nilifuata maagizo. Minji moja, usiku mmoja ndiyo, usiku mmoja hapana. Kisha chunusi zikaanza kutoka hata mahali ambapo hazikuwahi kufika, kwenye paji la uso, chini ya taya, pembeni mwa midomo. Nilikuwa nimeambiwa nisishtuke, nikashtuka. Sasa mimi ni mtoto wa mkulima, na kwetu mahindi yakionyesha umanjano unarudi na mbolea, huendi kukaa chini uyasubiri. Nikaanza kupaka kila usiku. Wiki ya tano nilikuwa napaka minji tatu, nne, na zile chunusi zenyewe naziongezea ya juu, moja moja, kama mtu anayetia mbolea shina kwa shina. Ngozi ikaanza kubanduka. Nikicheka, ilipasuka pembeni mwa mdomo, kwa hivyo nikaacha kucheka, na watoto darasani wakadhani wamekosea.

Na ulikuwa msimu wa kuvuna. Kila Ijumaa jioni nilienda Moiben kumsaidia mama, na Jumamosi kutwa tulikuwa juu ya turubai tukigeuza mahindi yakauke. Jua la huku juu halina joto la kukutisha. Linakupiga huku umevaa sweta, na unagundua jioni. Nilijifunga leso kichwani nikaishusha hadi kwenye nyusi, nyingine nikaizungusha mdomoni.

"Unageuza mahindi ama unaenda kuvuna asali?" mama aliniuliza.

"Ni baridi, Mama."

Alinivua leso mwenyewe. "Hiyo si baridi. Hiyo ni kuungua. Umemwagikiwa na nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nimerudi hapo mara nyingi sana akilini, na kila nikirudi najiona nimeinama, naokota punje zilizotoka nje ya turubai ili nisimwangalie. Lakini mtu wa kwetu ataelewa. Wiki zile za kabla ya koito, watu huulizia. Upande wa mvulana hutuma mtu aulize kimyakimya kwa majirani, kanisani, hata kwenye kituo cha maziwa: hawa ni watu wa aina gani, kuna ugonjwa gani katika ukoo wao, msichana mwenyewe ana afya? Nilijua tayari wameulizia. Msichana mwenye dawa usoni ni msichana mwenye swali. Mama naye hajui kunong'ona. Kama ningemwambia Jumamosi, Jumapili ingekuwa imefika kanisani kama ombi la maombi.

"Ni baridi," nikarudia.

Basi akaniponya kwa njia yake. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka ng'ombe, akaniketisha kwenye debe. "Hata chuchu ya ng'ombe ikipasuka ni hii tunapaka, na inapona," akasema, huku akinipaka hadi masikioni. Nilitulia. Ukweli ni kwamba yalinipoza, na nilikaribia kulia kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikienda polepole. Usiku huo niliyaosha nikapaka krimu yangu, minji tano.

Wiki ya tisa ikafika. Ijumaa niliangalia kioo kidogo cha mama cha ukutani nikajua nimeshindwa. Mashavu yalikuwa yamewiva, yana mipasuko midogo ambayo maji tu yakigusa yanawaka, na juu yake chunusi zote ziko, hakuna hata moja iliyokosa kuhudhuria. Nilipaka tena. Sina maelezo. Mtu aliyekufa moyo bado mkono wake unafanya ulichozoea.

Asubuhi nilijipaka poda nzito, na wageni wakaja. Walikaa upande wao sebuleni, wetu upande wetu. Baba mdogo, aliyesimama mahali pa marehemu baba, aliniita. Wazee waliniuliza kama nawajua watu hawa na kama wamekuja kwa ridhaa yangu. Nikasema nawajua, na nimekubali. Kijana wangu alikuwa ameketi kati ya wajomba zake, suti imembana mabegani, na aliponitazama alitabasamu kwa njia ambayo nilipaswa kuielewa. Sikuielewa. Nilikuwa nawaza poda.

Kisha ikaletwa siagi. Ilikuwa siagi ya kienyeji, iliyosukwa kwenye kibuyu, ina uchachu wa mursik, maziwa yetu ya mgando. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyepaka. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye viganja vya mtu aliyekamua tangu utotoni. Alianza na wazee, akawapaka kwenye paji, akaja kwa mama yangu, akampaka hadi mashavuni wote wakacheka. Nilikuwa naona anavyokuja. Nilijiambia nijikaze kisabuni, ni dakika moja tu, wasichana wote wamepakwa na hakuna aliyekufa.

"Haya, huyu ndio wetu sasa," akasema, akachota nyingi. Alinishika kidevu kwa mkono mmoja, na wa pili akaupitisha kutoka kwenye paji hadi shavuni, kwa nguvu ya furaha, akisugua iingie. Nilihisi ngozi inaondoka nayo.

Nilimshika kifundo cha mkono nikakisukuma. Na nikasema, kwa sauti ya kumkemea mtoto anayeshika moto, "Hapana!"

Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa ukubwa wa neno hilo mahali hapo. Msichana anaulizwa, na anaweza kukataa, lakini anakataa kwa mdomo wakati wazee wanapouliza. Akishakubali, halafu akasukuma mkono wenye siagi, amewarudishia watu baraka yao mbele ya macho yao. Shangazi alibaki na mkono hewani. Kisha akaufuta kwenye leso yake mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole, akarudi kuketi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wangeniuliza, ningejibu. Nilisimama pale nusu ya uso ina siagi na nusu haina.

Walikunywa chai. Walikula. Walimsifu mama kwa chapati. Mzee wao akasema watarudi tupange siku, na baba mdogo akasema karibuni, na hakuna aliyetaja mwezi.

Jioni mama aliniuliza nimepatwa na nini. Nilimletea ile tyubu. Aliigeuza, akajaribu kusoma maandishi, akanirudishia.

"Dawa ya chunusi," akasema. "Umefukuza watu juu ya chunusi?"

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Jumatatu alivaa nguo zake za kanisa akaenda hadi Moi's Bridge na dada yake kueleza kwamba msichana hakuwakataa, uso ulikuwa na vidonda vya dawa. Nilifikiri ukweli ungetuokoa. Lakini walipoamini kwamba nimewakataa walikuwa wameumia tu, na mtu aliyeumia hubembelezwa akatulia. Sasa walisikia kwamba kuna ugonjwa wa ngozi, kuna dawa, na tulificha. Mama alirudi siku hiyo hiyo, akavua viatu mlangoni, akasema, "Wameuliza kama inaambukiza watoto," akaenda kukamua.

Kijana alinitetea, najua. Alinipigia simu kila siku Desemba yote.

"Ungeniambia," alikuwa akisema. "Hata kama hukutaka kuambia watu wetu, si mimi ungeniambia? Ningeambia shangazi akupake kwa nywele tu, iishe."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba lilikuwa jepesi hivyo. Mwezi wa Januari akawa anapiga siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Sikuacha krimu. Nilirudi kwenye minji moja, kwa sababu sasa hakukuwa na haraka. Na wiki ya kumi na tano, bila kelele yoyote, ikafanya kazi. Vipele vikakauka, madoa yakaanza kufifia. Wiki ya kumi na nane nilikuwa na uso ambao sijawahi kuwa nao tangu nikiwa msichana mdogo. Watoto darasani hawakusema lolote, maana watoto husema tu kilichoharibika. Nilijitazama kwenye kioo nikingoja furaha. Nilipata kitu kama cha mtu aliyefika kituoni baada ya gari kuondoka.

Mwishoni mwa Februari aliniomba tukutane mjini, kwenye hoteli moja ndogo tuliyozoea. Nilijua. Lakini nilivaa vizuri, na sikujipaka poda, na ndani yangu kulikuwa na sehemu ya kijinga iliyosema akikuona hivi huenda akaenda kupigana na wazee upya.

Aliagiza chai mbili. Alisema kwamba wazee wameenda kumwombea msichana mahali pengine, upande wa Kitale, kwamba koito ni mwezi wa nne. Alisema amechoka kubishana na mama yake, presha inampanda. Aliyasema yote haya akiangalia sukari.

Nilimwambia ainue macho. "Si uniangalie basi," nikasema. "Uso umepona."

Aliinua macho. Alinitazama muda mrefu, shavu moja, shavu lingine, paji, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo. Niliona waziwazi kwamba hakukipata.

"Lakini wewe, uso wako umekaa hivyo tu siku zote," akasema.

Hakuwa ananibembeleza. Alikuwa ameshangaa kweli. Nililia pale pale mbele ya chai yangu, watu wa meza ya jirani wakituangalia, na machozi yalishuka kwenye mashavu yangu laini bila kuniwasha hata kidogo.