Nilimwokota possum aliyekufa nimtishe mjomba, kumbe mfukoni mwake kuna mtoto mzima

Wakuu, shikamooni wale mnaostahili, na wale wa rika langu mambo vipi.

Naweka hapa kitu kilichotokea nyumbani kwetu St Marys, huku magharibi mwa Sydney. Mtakaosema hii ni chai, leteni na maandazi kabisa, maana sina sababu ya kutunga. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu ya heshima zaidi.

Mnijue kidogo kwanza. Niko sekondari, Year 10. Wazazi Wakongo, mimi mzaliwa wa Kigoma, nimekuja huku mdogo. Naishi na Mama, anayehudumia wazee kwenye nursing home, na Mjomba Bahati, mdogo wake Mama, anayepakia mizigo kwenye ghala Wetherill Park.

Kiswahili changu kimesalimika kwa sababu moja tu. Nyumbani ukijibu Kiingereza, Mama anachomoa modem.

Sasa possum ni nani?

Ukubwa wa paka, manyoya ya kijivu, pua ya pinki, masikio yamesimama kama amesikia jina lake, mkia mnene mweusi kama brashi ya kuoshea chupa. Mchana analala kwenye tundu la mti, au kwenye dari lako bila kuuliza. Giza likiingia anatoka kula majani, maua na matunda ya jirani. Akinguruma utadhani pikipiki inakataa kuwaka.

Ni mnyama wa mfuko, ukoo mmoja na kangaroo. Mtoto anazaliwa ana ukubwa wa punje ya harage, hana macho, hana manyoya, anapanda mwenyewe kwenye tumbo la mama hadi mfukoni. Huko anang'ata chuchu, chuchu inavimba mdomoni mwake, na hapo amefungwa kama plagi kwenye soketi. Akikua anahamia mgongoni. Huku mtoto wa namna hiyo wanamwita joey.

Kuna na possum mwingine mdogo, ringtail, mkia wake una ncha nyeupe. Huyo anakula mavi yake mwenyewe. Si utani, chakula kinapita mara mbili ili asipoteze kitu. Niliwasilisha hiyo darasani nikaambiwa nikae chini.

Twende kwenye tukio.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama ndiye alikuwa aongoze wimbo mkubwa wa kwaya siku hiyo, na alikuwa ameufanyia mazoezi mpaka mimi nikawa nauota. Akanituma nipeleke majoho ya kwaya kwenye gari la Mjomba.

Nje, pembeni ya barabara, nikakuta possum amegongwa na gari. Amelala chali, hana hata damu nyingi.

Sasa Mjomba ana tabia ya kusema yeye haogopi mnyama yeyote. Amelala porini, ameona chatu, nini, nini. Kichwani mwangu ikaja picha moja safi sana: possum amekaa kwenye kiti cha dereva, amefungwa mkanda.

Nikarudi ndani nikachukua glavu za kuoshea vyombo. Nikamwinua.

Tumbo lake likacheza.

Nilipiga ukelele. Wa aina gani, hayo tuyaache.

Mjomba akatoka mbio na mswaki mdomoni. "Nani amekufa?"

"Huyu. Ila tumbo lake liko hai."

Akachungulia, uso ukamng'aa. "Eh! Si ni simbiliki huyu? Kwetu hii tunakulaka na sombe!"

Simbiliki ni yule mnayemwita ndezi, na sombe ni kisamvu. Nikamwambia si ndezi, na huku analindwa na sheria, ukimla unaweza kujikuta unamweleza hakimu. Mjomba akasogea nyuma hatua kadhaa, kwa mtu asiyeogopa mnyama.

Nikafungua ule mfuko kwa vidole viwili. Ndani kulikuwa na kitu cha pinki, ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, manyoya kama vumbi, macho yamefungwa. Anapumua. Mdomo umeshika chuchu ya mama yake aliyekufa.

Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu, amevaa nusu, kilemba mkononi. Akatazama, akasema neno moja tu. "Yatima."

Hapo safari ya kanisani ilikufa, ingawa hakuna aliyetangaza.

Nikapiga namba ya watu wanaookoa wanyama wa porini, nikaweka spika. Akapokea mama mmoja, mtulivu sana. Akasema tusimvute mtoto kwenye chuchu, tutamchana mdomo. Tumweke pamoja na mama yake vilevile alivyo kwenye boksi, tumpe joto, giza na ukimya. Kuna mtu atatoka upande wa Campbelltown kuja kumchukua, tusubiri. Na jambo kubwa kuliko yote: tusimpe kitu chochote mdomoni. Si maji, si maziwa, hasa maziwa ya ng'ombe.

Nikamtafsiria Mama.

Wakuu, hapa inabidi mjue tatizo langu na Mama.

Mama Kiingereza cha kazini anakiweza. Cha simu, tena cha Mwaustralia anayemeza nusu ya maneno, kinampita. Kwa hiyo mkalimani wa nyumba ni mimi, na ninaifanya kazi hiyo kwa ubunifu. Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu alisema ninavuruga darasa. Mimi nikatafsiri kwamba nina kipaji cha kuongoza wenzangu. Mama akatembea na hiyo habari kanisani mwaka mzima. Mwaka uliofuata akaenda kikaoni na rafiki yake, nesi Mkenya. Sitaki kukizungumzia kikao hicho.

Kwa hiyo niliposema "asipewe maziwa", Mama aliniangalia kama mtu anayekagua noti bandia.

Tukafanya kama tulivyoambiwa. Boksi la viatu vya Mjomba, taulo, chupa ya maji ya vuguvugu imeviringishwa ili isimuunguze. Tukaliweka kwenye chumba cha kufulia, taa imezimwa. Mimi nikakaa hapo mlangoni.

Muda si mrefu nikasikia sufuria jikoni.

"Mama, unapika nini?"

"Maziwa."

"Amesema asipewe."

"Nani amesema?"

"Yule mama wa simu."

"Ni yeye ao ni wewe?"

Nikaapa. Akasema usiape Jumapili. Nikapiga tena ile namba ili aongee naye mwenyewe, ikaita mpaka ikakata. Nikampa simu asome maelezo kwenye tovuti yao, akasema kwenye simu yako kila kitu kimeandikwa, hata mambo ya wewe kuwa kiongozi.

"Mutoto amefiwa na mama yake," akasema. "Ana njaa. Munamufungia kwenye giza, munamunyima na maziwa. Iyo ni huruma ya wapi?"

Na hakuwa anabwatuka tu. Kigoma alilea mtoto wa jirani aliyefiwa na mama yake, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe. Yule mtoto leo ni mrefu kuliko mimi. Sasa wewe bishana na ushahidi wa futi sita.

Ila mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Matumbo ya hawa wanyama hayawezi kumeng'enya maziwa ya ng'ombe, wanaharisha mpaka wanaisha. Na huyu mdomo wake ulikuwa umezibwa na chuchu, chochote unachosukuma humo kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mama anamzamisha kwa upendo, mimi namwona.

Mjomba nikamtazama anisaidie. Akasema yeye kwa dada yake haingilii, nguo zake zimo humu ndani na hataki kuzikuta nje.

Nikamwona Mama anavuta maziwa toka kikombeni kwa sirinji, ile ndogo ya kunyweshea watoto dawa. Sikuwa na namna ya kumnyang'anya. Mama yako humnyang'anyi kitu, hata uwe umezaliwa upya Australia.

Ndipo nikakumbuka custard.

Kazini kwa Mama, mzee ambaye hatakiwi kulishwa, labda hawezi kumeza vizuri, wanamwekea kibao juu ya kitanda: NIL BY MOUTH. Yaani asipewe kitu mdomoni. Mama alishatusimulia, kwa sauti ya chini kama habari za msiba, jinsi mwenzake alivyompa mzee mmoja kijiko kimoja cha custard, ule uji laini wa maziwa, chini ya kibao hicho. Kijiko kimoja. Yule mzee akapaliwa vibaya na mwenzake hakurudi kazini.

Nikachana kifuniko cha boksi, nikachukua marker, nikaandika kwa herufi kubwa nilizoweza. NIL BY MOUTH. Nikabandika ukutani juu ya boksi kwa selotepu, nikasimama pembeni kama sijui kitu.

Mama akaingia na sirinji yake. Akainama. Akainua macho.

Akasoma.

Nawaambia, mwili wake ulisimama kabla yeye mwenyewe hajaamua. Mkono wenye sirinji ulirudi nyuma.

"Nani ameandika?"

"Mimi. Ila aliyeagiza ni yule mama wa simu."

"Yeye ndiye munganga wake?"

"Ndiye."

"Ameagiza ivi?"

"Hivi hivi. Hakuna nilichoongeza."

Akaniangalia muda. Sikutabasamu, na kwa uso wangu hiyo ni kazi ngumu. Kisha akageuka, akaenda sebuleni na kikombe cha maziwa, akamkabidhi Mjomba. "Kunywa."

Mjomba akanywa. Hakuuliza.

Mama akarudi amenawa mikono mpaka viwiko, akavuta kiti, akakaa kando ya boksi. Kuanzia hapo ilikuwa ni zamu yake. Mjomba alipokuja kuchukua shati alifukuzwa: "Mugonjwa anapumuzika." Alienda kanisani peke yake kuwaambia kwaya wasisubiri. Wimbo ukaimbwa na mama mwingine. Mama anasema, bila kuwepo, kwamba uliharibiwa.

Mtu wa Campbelltown alifika. Bibi wa Kizungu, kaptura, malapa, mikono imejaa mikwaruzo. Akatazama boksi, akagusa taulo kupima joto, akasoma kibao. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Akauliza kama tumempa chochote. Kabla sijafungua mdomo, Mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kazini: "Nothing. Nil by mouth."

Yule bibi akasema vizuri sana, maana wengi anaowafuata anakuta wameshanyweshwa maziwa au wamelishwa mkate uliolowekwa, na wengi wao hawafiki jioni.

Hiyo Mama aliielewa bila mimi. Aliitoa sirinji kwenye sinki akaitupa.

Bibi akachukua mkasi mdogo, akakata chuchu karibu na tumbo la mama mtu, ikabaki mdomoni mwa mtoto kama nyonyo ya plastiki, akasema itadondoka yenyewe. Mama ndiye aliyeshika tochi, mkono hautikisiki. Mimi nilikuwa nimeangalia upande mwingine kwa sababu zangu binafsi. Mtoto akaingizwa kwenye kifuko cha kitambaa, kifuko kikaingia kifuani ndani ya shati la bibi, akaondoka naye.

Mtoto ni dume. Alipona. Sasa ana manyoya, ana maziwa yake maalumu, na picha tunazotumiwa zinaonyesha amempanda mgongoni mdoli wa dubu, ndiye mama yake wa kuazima.

Mama aliposikia kwamba vile vifuko hushonwa na watu wa kujitolea, akatoa mabaki yake ya vitenge, akashona mpaka cherehani ikapata moto. Vya kwanza vilikataliwa. Mshono unatakiwa uwe upande wa nje, kwa sababu kucha zao hunasa kwenye nyuzi. Akafumua vyote akaanza upya. Kwa hiyo mjue kuna mayatima wa possum hapa Sydney wamelala ndani ya vitenge vya harusi za Wakongo.

Juzi bibi alikuja kuvichukua. Mama akaniambia nimuulize, mtoto akikua atapelekwa wapi?

Bibi akasema ataachiwa huku huku mtaani, karibu na alipookotwa.

Mama akashangaa. Kwa nini asipelekwe porini kwenye miti mingi?

Bibi akaeleza kwamba miti ya huko ina wenyewe. Kila tundu lina possum wake, na mgeni akifika anapigwa na kufukuzwa, anazunguka hana pa kulala, mara nyingi hamalizi hata siku chache. Ndiyo maana hata ukimtega aliye kwenye dari lako huruhusiwi kwenda kumtupa mbali.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno.

Mama akakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. Kisha akasema, "Basi mwambie amurudishe hapa kwetu. Hapa atapigwa pia, lakini atakuwa anajua wanaomupiga."

Bibi akaniuliza, amesema nini?

Nikamwambia, amesema asante.

Wakuu, nilichojifunza: mkiwa huku mkakuta possum amegongwa, msipite tu. Kama pako salama kusimama, mtazameni tumbo, hata saa nyingi baada ya mama kufa mtoto anaweza kuwa hai. Msimvute kwenye chuchu, mpeni joto na giza, pigeni simu, na maziwa wekeni kwenye chai yenu.

Na swali kwa wataalamu wa lugha: nimeandika possum uzi mzima kwa sababu sina jina lake. Mama anamwita komba, lakini komba hana mfuko. Mnaoona kuna jina zuri lileteni hapa, nimpelekee Mama kabla dogo hajarudi mtaani.