Gia Alizong'oa Fundi Amri

Mume wangu Amri ni fundi baiskeli hapa Ruaruke, mwaka wa ishirini na sita huu. Ufundi anao, sikatai. Ubishi pia anao, tena wa kugawa.

Ikija baiskeli ya gia, yeye hatafuti ugonjwa. Anang'oa gia zote, anafupisha cheni, inabaki gia moja. "Gia ni maringo ya mjini," husema, na wateja hucheka.

Basi mwanetu Zuena akapata kazi ya kuwatembelea wajawazito vijijini. Mradi ukampa baiskeli ya gia saba na mwezi mmoja wa majaribio: kila kijiji akifikie kwa saa yake, la sivyo kazi hana. Wiki ya kwanza tu cheni ikaanza kuruka akibadili gia.

Nikamwambia Amri, "Mwache aende kwa Felix kule barabarani, gia anazijua." Lo! Kama nimemtukania mamaye. "Binti yangu akatengenezewe na mtoto wa juzi?"

"Baba, nakuomba, usizing'oe," Zuena akasema.

Akazing'oa.

Baiskeli zetu za kawaida, hata hizo za gia alizozoea, cheni ikilegea unavuta gurudumu nyuma kidogo, unakaza, umemaliza. Ile ya mradi gurudumu limekaa palepale, halivutiki. Kile kichuma cha gia alichokitoa ndicho kilichokuwa kikiikaza cheni. Alipogundua hilo, cheni ameshaikata. Akanyamaza. Alinyamaza, jamani, akamwacha mtoto aondoke nayo!

Cheni ikawa inachomoka kila kwenye shimo. Zuena anafika kijijini saa tisa, mikono myeusi kwa grisi, wajawazito wameshachoka kungoja, wamerudi shambani. Mara ya kwanza akasamehewa. Ya tatu wakampa kazi mwenzake, na baiskeli wakataka airudishe.

Siku ya kuirudisha alipita kwa Felix. Felix akaikagua, akamuuliza ilivyokuwa ikiruka kabla ya kung'olewa gia, akatikisa kichwa: waya wa gia ulikuwa umelegea tu. Kazi ya dakika tano.

Nililia kwa hasira. Amri akasema ni riziki, Mungu hakupanga. Mungu! Mungu ndiye aliyeshika spana?

Sasa Zuena anauza samaki kwa baiskeli kuukuu ya gia moja. Juzi ilipata pancha karibu na nyumbani. Akaikokota, akapita mbele ya kibanda cha baba yake, akasimama, akamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ilete niizibe."

"Ahsante, baba. Naipeleka kwa Felix."