Siku nilijaza ngoma kama shamba la maharagi

Hii habari naiandika na haya kwa uso, sababu mu avenie yetu, mutaa wa Ndosho, bangali banaicheka.

Mujukuu wangu Solange njo anatengenezea korali ya kanisa midundo kwa ordinatere, ile kompyuta yake. Siku ile alikuwa analinganisha programu mbili: ya kwanza unagonga na vidole, kila kidole na ngoma yake, ukitoa mukono inanyamaza, ya pili iko na vyumba vidogo-vidogo kwa mustari, kila mustari na ngoma yake, unajaza unavyotaka, kisha inajipigia yenyewe na kuzunguka. Akaniuliza mimi bibi yake, "Koko, wewe ungechukua gani?" Nikasema ile isiyochoka (vidole vyangu vinauma, nilichagua kama muzee). Akacheka, akaenda kuita Papa Anselme, mukubwa wa korali, akaniachia mutoto wake Neema, alikuwa anacheza ku mulango.

Nikabakia naangalia ile mistari. Mumoja ulikuwa na vyumba vitatu tu vimejazwa, na mimi nililima maharagi kule kwetu Kiwanja tangu usichana, mustari wenye mashimo matupu siwezi kuuvumilia, ni uvivu. Nikajaza chumba kwa chumba mupaka mwisho, kisha nikabonyeza pale Solange anabonyezaka.

Ndani hakukutoka sauti (bafle ya korali, ile ya kutoa sauti, ilikuwa inje, imeelekea barabara, mimi sikuwaza). Inje njo kulianza, ta-ta-ta-ta-ta, bila kupumua. Hapa kwetu mulio ule hakuna mutu anauliza ni wa nini. Nililala chini, nikasikia Mama Zawadi, jirani, anaita batoto bake kwa majina, sufuria zinaanguka, miguu inapita mbio. Nikatambaa nimukamate Neema. Ku mulango hakukuwa mutu.

Nikatoka bila viatu, kitambaa cha kichwa kimeanguka, nikakimbia na bengine upande wa Sake, naita Neema, Neema, mupaka Solange akanikamata mukono, anatoka mbio kwa Papa Anselme.

"Koko, rudi. Ni ngoma."

"Ngoma gani, banapiga masasi, ni bunduki."

"Ni ordinatere yangu. Uligusa nini?" Kisha akaangalia nyuma yangu. "Neema iko wapi?"

Nikaanza kuita tena, Neema. Solange alirudi mbio kuzima ile ordinatere, avenie yote ikanyamaza, batu bakaanza kurudi na matela za kulalia kwa kichwa, bananiangalia mimi nimesimama na nywele nyeupe inje kama mwendawazimu. Hakuna aliyecheka. Solange alipita kwa kila mutu anauliza mutoto, na mimi niliomba ardhi inimeze.

Mwisho kabisa akatokea Muzee Sebastien, fundi wa viatu, jasho linamutoka, Neema kwa mugongo. Alikuwa amefika naye karibu na ziwa, Lac Vert.

"Nilibeba wa kwanza niliyemuona," akasema. "Sikuangalia ni wa nani."

Pale njo nililia, na Mama Zawadi akasema, "Koko, wewe lima. Ngoma wachia bengine," na kicheko kikaanza, hakijaisha.

Ordinatere siigusi tena mupaka kufa. Lakini kila Solange akitaka kufungua bafle ananituma kwanza, napita parsele kwa parsele, kila nyumba, nasema, "Ni midundo ya korali, mubakie." Mama Zawadi ananiitika vizuri, "Asante, Koko," halafu namuona anainama, anavalisha batoto viatu.